Hela ya mbolea huisha kabla ya mvua: je, ubongo wangu una kasoro?

*"Nalima mahindi na kahawa kidogo huku Mbozi. Kila mwaka nikishavuna, mwezi wa saba, nakuwa na hela mkononi na najiapiza: safari hii nanunua mbolea mapema, DAP mifuko minne na UREA minne, sitaki kuhangaika tena. Ikifika Novemba mvua zinaanza, hela hamna. Si mlevi, sina nyumba ndogo, mkeka wa kubeti naweka wikiendi moja moja tu. Ukiniuliza hela imeenda wapi naweza kukutajia: bati za jikoni, msiba wa shemeji, simu ya mke wangu, na vingine sivikumbuki. Mwisho nakopa mbolea kwa mtu na kumlipa kwa magunia ya mahindi wakati wa mavuno, kwa hasara. Kijana wangu aliye chuo ananiambia wanasayansi wamepiga picha ubongo wakagundua kuwa ubongo wa maskini hauwezi kupanga ya mbele, umetawaliwa na dopamini, na nikifunga dopamini siku kadhaa, yaani kujinyima simu na raha, nitapona. Ni kweli? Na je, ni ya kurithi? Maana baba yangu ana miaka 67, zamani alikuwa bahili hasa, lakini tangu mwaka juzi anagawa hela ovyo. Ameuza ng'ombe wawili bila kumwambia mtu, na anatuma pesa kwa watu asiowajua wa kwenye simu."*

Kaka yangu, barua yako ina maswali mawili. La kwanza umelieleza kwa urefu, na lina majibu ya kutia moyo. La pili, la mzee wako, umelichomeka mwishoni kama nyongeza, nalo ndilo lililonifanya nisiiweke barua hii kwenye foleni. Kama huna muda wa kusoma yote, nenda kwanza kwenye aya za mwisho, kisha urudi huku.

Nianze na lako. Unachouliza, kwa maneno yangu, ni hiki: mtu anayejua la kufanya, akaapa kulifanya, na miezi minne baadaye akajikuta hakulifanya, je, ni mzembe au ni mgonjwa? Kijana wako kakupa jibu la tatu lenye harufu ya sayansi: wewe ni maskini, na ubongo wa maskini ndivyo ulivyo. Kati ya majibu hayo matatu, lake ndilo linaloniudhi zaidi, na si kosa lake. Limesambaa sana.

Tazama kwanza orodha yako mwenyewe. Bati, msiba, simu. Sioni hapo kitu ambacho mtu mwenye akili timamu angekiita upuuzi. Jiko lilikuwa linavuja, shemeji kafariki na huwezi kwenda msibani mikono mitupu, mama watoto anahitaji simu. Mbolea yako haikushindwa na anasa. Ilishindwa na foleni ya mambo ya karibu, na kila moja lilikuwa na haki yake siku lilipokuja. Swali la maana ni kwa nini mbolea haikushinda hata mara moja kwenye foleni hiyo, ilhali wewe mwenyewe unakiri kwamba ndiyo yenye faida kuliko vyote.

Hapo sayansi ya ubongo ina la kusema, ila si lile alilosikia kijana.

Mwaka 2004 Samuel McClure na wenzake, akiwemo mwanauchumi David Laibson, walichapisha utafiti uliofanywa kwa kuwapima wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Wakiwa ndani ya mashine ya MRI, ile ya kupiga picha ubongo, wanafunzi walichagua kati ya vocha ndogo ya manunuzi wanayoipata mapema na vocha kubwa zaidi ya kusubiri wiki kadhaa. Pale ambapo "leo" ilikuwa miongoni mwa chaguo, sehemu za ndani za ubongo zinazohusiana na tuzo na hisia zilichangamka zaidi. Sehemu za mbele na za juu zilifanya kazi kwenye chaguo zote, za leo na za baadaye. Habari ikaenea kwamba binadamu ana ubongo wa mnyama unaotaka sasa na ubongo wa mtu unaojua kusubiri, na viwili hivyo vinapigana mieleka. Hadithi tamu, ina shetani wake na malaika wake, na mpaka leo wahamasishaji wanaiuza.

Miaka mitatu baadaye, Joseph Kable na Paul Glimcher wa Chuo Kikuu cha New York waliuliza swali hilo kwa uangalifu zaidi. Kila mtu alipewa kuchagua kati ya dola 20 za leo na kiasi kikubwa zaidi cha baadaye, muda wa kusubiri ukianzia saa 6 hadi siku 180. Kwanza walipima kila mmoja ana subira kiasi gani, ndipo wakatazama ubongo wake. Maeneo yaleyale yaliyochangamkia hela ya leo yalichangamkia na ya baadaye, na kiwango cha kuchangamka kililingana na jinsi mtu huyo binafsi anavyoithamini ile ya mbali. Kwa mwenye subira, ya mbali ilibaki na nguvu. Kwa asiye na subira ilififia upesi. Hawakuona nusu mbili zikigombana. Waliona hesabu moja, ambamo kila kitu hugeuzwa kuwa thamani ya aina moja, na umbali wa muda huipunguzia thamani hiyo. Mabishano bado yapo, lakini watu wengi wa fani hii wanaegemea upande huo, nami nimo.

Kinachokuhusu zaidi ni namna thamani inavyopungua. Haipungui sawasawa. Kutoka leo hadi kesho inashuka kwa kishindo, lakini kati ya siku ya 120 na ya 121 tofauti karibu haionekani. Kwa hiyo ukiwa mwezi wa saba na kusema "mwezi ujao nitanunua mbolea", manunuzi na mavuno yote yako mbali, unayapima kwa mizani iliyotulia, na mbolea inashinda bila shida. Kiapo chako ni cha kweli kabisa wakati unakiapa. Mwezi ujao unapofika, mbolea bado iko mbali, maana faida yake ni ya mavuno ya mwaka kesho, ila bati sasa ni la leo. Mizani imebadilika na wewe hujabadilika. Profesa anayeahidi kuanza kuandika kitabu Jumatatu anaanguka kwenye shimo hilohilo, tena na mshahara wake kamili.

Sasa dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupashana habari. Watu wanaitaja kana kwamba ni sukari ya ubongo: ukipata raha inamwagika, ukizoea raha umeharibika, ukifunga unatakasika. Sivyo ilivyo. Kazi iliyofungua macho ni ya Wolfram Schultz, aliyerekodi seli za dopamini za nyani akiwa Fribourg, Uswisi. Nyani akipewa tone la maji ya matunda bila kutarajia, seli zinapiga kwa nguvu. Akishajifunza kwamba taa ikiwaka tone linafuata, seli hupiga taa inapowaka, na tone lenyewe likija hazishtuki tena. Taa ikiwaka na tone lisije, seli hunyamaza kwa muda, chini ya hali yao ya kawaida. Mwaka 1997 Schultz, pamoja na Peter Dayan na Read Montague, walieleza maana yake: seli hizo zinabeba tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Kimekuja zaidi, ongeza matarajio. Kimekuja pungufu, punguza. Dopamini ina kazi nyingine pia, ikiwemo kukupa msukumo wa kuanza jambo na hata kuusogeza mwili wako. Huwezi kuifunga kama Ramadhani, na usingetaka. Mtu ambaye dopamini imempungukia ubongoni kwelikweli hutetemeka na kukakamaa viungo, ndio ugonjwa wa Parkinson. Kukaa siku bila simu kunaweza kukupumzisha, lakini usikuite tiba ya dopamini.

Ukiielewa kazi hiyo ya kufundisha, utaona jambo kuhusu mbolea ambalo ni nadra kuelezwa. Ubongo hujifunza vizuri pale tendo na matokeo yanapokuwa karibu karibu. Mkeka ukiuweka Jumamosi mchana, usiku unajua. Mbolea unaiweka Desemba, matokeo unayaona Juni, na hapo katikati mvua imekatika wiki mbili, viwavijeshi wamepita, ng'ombe wa jirani wameingia kona ya shamba. Ukivuna magunia 20, mangapi ni ya mbolea na mangapi ni ya mvua nzuri? Hakuna seli inayoweza kukuambia. Faida ipo, kwenye daftari unaweza kuiona, ila haikufundishi mwilini kama mkeka unavyofundisha. Ndiyo maana nakusihi, bila kukuhubiria, uuangalie huo mkeka wa wikiendi moja moja. Kilichoundwa kutoa jibu usiku uleule kinajua njia ya kuingia.

Na hili la ubongo wa maskini? Nadhani limetokana na utafiti wa Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao wa mwaka 2013. Waliwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla ya mavuno wakiwa wamebanwa na madeni, kisha wakawapima walewale baada ya kuvuna na kulipwa. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri na umakini. Angalia vizuri: ni watu walewale. Kama ubongo wao ungekuwa na kasoro, usingeponywa na malipo ya miwa. Walichodai watafiti ni kwamba mawazo ya hela yanakula nafasi ya kufikiri, kama mtu anayepiga hesabu huku mtoto analia. Kwa hiyo aliyekuambia kwamba picha za ubongo zimeonyesha maskini hawawezi kupanga ameugeuza utafiti huo kichwa chini miguu juu. Wala hapakuwa na picha za ubongo. Walitumia karatasi, maswali na saa.

Hata hivyo nisikuuzie nusu ya habari. Utafiti ule ulipata wakosoaji mapema, na mwaka 2016 Leandro Carvalho, Stephan Meier na Stephanie Wang walichapisha matokeo ya kuwapima Wamarekani wa kipato cha chini kabla na baada ya siku ya malipo. Uwezo wa kufikiri haukutofautiana. Kilichotofautiana ni kwamba kabla ya malipo watu waliitaka zaidi hela ya karibu kuliko ya mbali, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kusubiri mshahara angeweza kuwaambia bure. Mimi nauchukua ukweli mdogo unaobaki: ukibanwa, hela ya leo inapanda thamani, na hilo mara nyingi si kosa la hesabu. Ni hesabu sahihi ya mtu aliyebanwa.

Kwa kuwa picha za ubongo zinatisha watu, niseme neno kuhusu hizo picha. Mashine haioni mawazo. Inafuatilia mabadiliko ya oksijeni kwenye damu, na kutoka hapo mtafiti anapita hatua nyingi za hesabu kabla ya kupata lile doa jekundu unaloliona gazetini. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti ambao timu 70 zilipewa takwimu zilezile za MRI, za watu 108 wakikubali au kukataa kamari ya kubahatisha hela, na kuulizwa maswali yaleyale 9. Hazikupatikana timu mbili zilizofuata hatua zilezile, na kwenye baadhi ya maswali majibu yalipishana waziwazi. Sayansi hii ni ya kweli na ina faida. Ila mtu akikuambia "ubongo umeonyesha" kuhusu wewe wa Mbozi, muulize ni ubongo wa nani na ulipimwa lini.

Utafiti unaokufaa kuliko yote niliyotaja haukuhitaji mashine yoyote. Ulifanyika Busia, magharibi mwa Kenya, na Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, ukachapishwa mwaka 2011. Wakulima wa mahindi wa huko walikuwa na shida yako hasa. Wakiulizwa, karibu wote walisema msimu ujao watatumia mbolea. Waliotimiza walikuwa chini ya nusu. Basi watafiti wakatuma mtu mlangoni kwa mkulima mara tu baada ya mavuno, hela ikiwa bado ipo, amuuzie vocha ya mbolea kwa bei ya kawaida, na mbolea iletwe bure nyumbani wakati wa kuitumia. Punguzo lenyewe lilikuwa dogo, nauli tu. Waliotumia mbolea wakaongezeka kwa kiasi kisichopungua kile kilichopatikana kwa kupunguza bei kwa nusu baadaye, wakati wa kuweka mbolea shambani. Wale wakulima hawakufundishwa subira. Uamuzi ulisogezwa ukaja siku ambayo hela ilikuwepo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: acha kupanga kununua mbolea. Ilipie. Ndani ya wiki uliyouza mahindi, tena ikiwezekana siku hiyohiyo na kabla hujafika nyumbani. Si lazima mifuko yote minane. Hata miwili ikilipiwa Julai ni miwili ambayo msiba hautaigusa. Njia hii ina hatari zake nami sitazificha. Mwenye duka la pembejeo anaweza kufunga, kwa hiyo lipa kwenye duka linalojulikana au kupitia chama chenu cha ushirika, uchukue risiti inayotaja aina ya mbolea na idadi ya mifuko, si kiasi cha hela tu. Bei ya ruzuku ikitangazwa baadaye inaweza kuwa chini ya uliyolipa, hivyo hakikisha usajili wako wa mkulima uko sawa na uulize kwanza afisa ugani bei za msimu zinatoka lini. Na ukiamua kuichukua kabisa uiweke ndani, UREA inavuta unyevu na kuganda. Iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, mifuko isifunguliwe.

Njia ya pili ni kikundi. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walilijaribu jambo hili hukohuko magharibi mwa Kenya, kwa wanachama wa vikundi vya kuchangiana, kwa ajili ya akiba ya mahitaji ya afya kama vyandarua, wakachapisha mwaka 2013. Matokeo yao yananifurahisha kwa sababu hayakwenda kama wengi tulivyotarajia. Sanduku la kawaida la chuma, lenye kufuli na ufunguo ukae na mwenyewe, liliwasaidia watu kuweka akiba zaidi. Sanduku kali zaidi, ambalo ufunguo anakaa nao mtu mwingine, halikusaidia kununua vitu hivyo, maana watu waliogopa kuifungia hela ambayo wangeihitaji mtoto akiugua. Kilichofanya vizuri sana ni chungu cha pamoja ndani ya kikundi, kila mtu anachanga kwa zamu hela yenye kazi moja inayojulikana. Nawe una vicoba au mchezo huko kijijini, bila shaka. Wafikishie wenzako wazo la mzunguko mmoja unaoitwa wa mbolea, unaoanza Agosti na kuisha Oktoba, na anayepokea anapokea mifuko badala ya noti.

Sanduku lenye ufunguo wako mwenyewe linaanzishaje akiba, wakati unaweza kulifungua saa yoyote? Sehemu ya jibu ni kwamba linakupa maneno. Ndugu akija na shida yake huwezi kumwambia sina. Unaweza kumwambia ile iliyopo imeshapangiwa kazi. Sehemu nyingine inarudi kwenye ubongo. Jan Peters na Christian Büchel, Ujerumani, walionyesha mwaka 2010 kwamba watu wakikumbushwa tukio lao halisi lijalo, safari au sherehe waliyoipanga wenyewe, wanapochagua kati ya hela ya sasa na ya baadaye, ya baadaye inapata nguvu zaidi. "Akiba" haina sura. "Mifuko miwili ya kupandia ya shamba la bondeni" ina sura. Andika hivyo juu ya bahasha, kwa mkono wako.

Njia ya tatu, kuhifadhi mahindi badala ya hela, inasifiwa sana na ina ukweli wake: bei Februari huwa nzuri kuliko Julai, na gunia haliwezi kutumwa kwa simu mtu akikupigia na shida. Lakini ukiuza Februari mbolea ya kupandia itakuwa imeshakupita, na kama unatumia mifuko ya kawaida dumuzi watakusaidia kula. Tenga magunia machache kwa ajili hiyo, kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na uyauze Oktoba au Novemba kama bei imeanza kupanda. Usitegemee hiyo peke yake.

Mkopo wa kulipa kwa magunia ndio ninaotaka uuache kwanza, maana hasara yake imejificha. Tuchukulie umepewa mfuko wa 80,000 na unalipa magunia mawili. Kwa bei ya 50,000 ya wakati wa mavuno, umelipa 100,000. Kama magunia hayohayo yangeuzwa 80,000 kila moja miezi michache mbele, umelipa 160,000, mara mbili ya mfuko. Weka namba zako za kweli, uandike pembeni ya daftari, na mkeo azione. Bado kuna mwaka ambapo mkopo huo utakuwa bora kuliko kulima bila mbolea, siukatai kabisa. Chukua mfuko mmoja basi, si minne.

Na yapo yasiyo ya ubongo hata kidogo. Kama mavuno yako hayatoshi chakula, madeni na mbolea kwa pamoja, hakuna bahasha itakayoyatosheleza, na hapo tatizo ni kipato. Kuliita tatizo la kichwa chako ni kukuonea.

Sasa mzee. Umeuliza kama ni ya kurithi. Subira na tabia ya kuweka hela huwa zina mchango fulani wa kurithi, pamoja na malezi, lakini habari ya baba yako haifanani na yako. Wewe umekuwa hivyo miaka yote. Yeye alikuwa bahili hadi uzeeni, ndipo akabadilika. Mtu wa miaka 67 akibadilika namna anavyoshika hela, akauza mifugo kimyakimya na kuwatumia pesa watu asiowajua, mimi siiti tabia mpaka daktari amwone.

Kuna kisa kinachofundishwa sana kwenye fani yetu. Katika miaka ya 1970 mhasibu mmoja Marekani alitolewa uvimbe uliokuwa umekandamiza sehemu ya mbele ya ubongo. Alipona, na alipopimwa akili alikuwa sawa, hata juu ya wastani. Lakini hela zake aliziingiza kwenye ubia na mtu ambaye watu walimwonya asimwamini, akafilisika, ndoa nayo ikavunjika. Paul Eslinger na Antonio Damasio waliandika habari zake mwaka 1985. Sehemu hiyo, nyuma ya paji la uso kuelekea chini, ni miongoni mwa zile ambazo Kable na Glimcher waliziona zikipima thamani. Ikiumia, mtu anaweza kuongea vizuri, kukumbuka, hata kukufundisha hesabu, na bado akashindwa kupima lipi lina hasara. Ndiyo maana familia nyingi huchelewa: mzee anaongea vizuri, basi wanadhani amekuwa mkaidi au amerogwa.

Siwezi kusema kutoka hapa baba yako ana nini. Inaweza kuwa mwanzo wa ugonjwa wa kupoteza uwezo wa ubongo, na aina moja huanza kwa tabia kabla ya kumbukumbu. Inaweza kuwa kiharusi kidogo kilichopita bila kujulikana, hasa kama ana shinikizo la damu. Inaweza kuwa jambo linalotibika: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, maambukizi kama kaswende au virusi vya Ukimwi yaliyofika kwenye ubongo, sonona, au uvimbe. Na inaweza kuwa ni mzee mpweke aliyepatikana na matapeli hodari, ambao wamewaliza hata vijana. Kuanza kwa kipimo ndiyo njia ya kujua.

Mpelekeni hospitali ya wilaya wiki hii au ijayo, na mtu mmoja anayekaa naye aende pia, maana mbele ya daktari mzee ataeleza kwamba hana tatizo. Nendeni na karatasi: mabadiliko yalianza lini, ameuza nini, kama ameanza kusema maneno ya aibu hadharani, kula kupita kiasi, kupotea njia, kurudia maswali, kutojali msiba wa mtu wa karibu. Ombeni apimwe shinikizo la damu, sukari na damu kwa ujumla, na muulizie rufaa ya kwenda hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya ikihitajika picha ya kichwa au daktari wa akili. Akipata ghafla kulegea upande mmoja, mdomo kwenda kombo au maneno kuvurugika, msisubiri miadi, ni siku hiyohiyo.

Wakati mnasubiri, msimvue heshima. Msimpokonye simu mbele ya wajukuu. Mtu mmoja anayemwamini, pengine shangazi au mama yako, akae naye wazungumze kuhusu kupunguza salio linalokaa kwenye simu, na hati za shamba zihamie mahali pa pamoja kwa makubaliano ya familia. Namba zinazompigia ziripotini kwa mtandao wake wa simu.

La mwisho, na nimeliona likisahaulika: bebeni dawa zote anazotumia, pamoja na maboksi yake. Baadhi ya dawa za kutetemeka za Parkinson, zile zinazoigiza dopamini kama pramipexole, zinajulikana kuwafanya watu wachache waanze kucheza kamari au kutumia hela bila breki, hata waliokuwa waangalifu maisha yao yote, na mara nyingi hali hiyo hupungua dozi ikishushwa. Kama anatumia mojawapo, mwambieni daktari aliyeiandika, na msiikatishe wenyewe nyumbani, kwa sababu kuiacha ghafla kuna hatari yake.